Filta ya Boksi Jeupe

Fundi mkuu wa gereji ya hospitali walimwita Orijino, na jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu. Hakuna kifaa kilichoingia kwenye gari lake kabla hajakigeuza mwangani, akasoma namba zake, akakigonga kwa kucha na kukinusa kama mtu anayeogopa kuuziwa maziwa yaliyolala. Wenzake walimtania kwamba hata siku ya harusi yake aliomba kwanza aone risiti. Naye alicheka pamoja nao, kwa sababu moyoni alilipenda jina lile. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye gereji hiyo, chini ya paa la mabati nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na katika miaka yote hiyo hakuna gari la wagonjwa lililowahi kuzimika njiani kwa kosa la mkono wake.

Magari ya wagonjwa yalikuwa mawili, lakini moja lilikuwa juu ya mawe, halina giaboksi. Lililobaki wauguzi walilibatiza Bi Harusi, maana lilikuwa jeupe na halikukosa kuoshwa. Hospitali ilikuwa ndogo. Mgonjwa aliyezidiwa alipelekwa hospitali ya rufaa, mwendo wa saa mbili, na katikati ya njia kulikuwa na mlima mrefu uliozifanya injini zote zilie.

Mtu wa pili katika habari hii ni Mama Stoo. Huyu ndiye aliyeshika funguo za bohari ya hospitali: dawa za kusafishia, balbu, karatasi, glovu, matairi, kila kitu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, mkali kwa mali ya umma kuliko wengine walivyo wakali kwa mali yao wenyewe. Yeye na Orijino waliitana kaka na dada, na kama ilivyo kwa kaka na dada, hawakupitisha wiki bila kugombana.

Siku moja asubuhi Orijino alikwenda bohari kuchukua filta ya oili. Mama Stoo akamwekea mezani boksi jeupe.

"Dada, hiki ni nini?"

"Filta, kaka. Au umeanza kusahau sura zake?"

"Filta ninazozijua mimi zinakaa kwenye boksi la bluu."

"Na hii inakaa kwenye jeupe. Nimekwenda mwenyewe kwa wakala, palepale tunaponunua siku zote. Rafu ni moja, muuzaji ni mmoja. Ameniambia hizi wamezitoa kwa ajili ya magari yaliyokwisha kula chumvi nyingi. Zina dhamana yao, na bei ni nusu."

"Nusu ya bei, nusu ya filta," alisema Orijino.

Wauguzi wawili waliokuwa wakisubiri sabuni walicheka. Dereva wa Bi Harusi, mtu mpole waliyemwita Taratibu, naye alikuwa ameegemea mlango akisikiliza.

Mama Stoo hakucheka. Alivua miwani akaiacha ining'inie kifuani. "Kaka, mwezi uliopita wakunga walikaa siku tatu na boksi moja la glovu. Siku tatu. Fungu nililopewa mwaka huu limepunguzwa, na wewe unajua. Kinachobaki kwenye filta nakipeleka wodi ya wazazi. Nimekosa nini?"

Lilikuwa swali la haki, na kama Orijino angekuwa na subira angelijibu kwa haki. Angesema, niachie moja niipasue, nione ndani ina nini, kisha tuzungumze. Lakini kulikuwa na watu, na yeye alikuwa Orijino. Alilisukuma boksi kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mdudu mezani.

"Wewe ni mtu wa glovu, dada. Mambo ya injini waachie wenye injini. Siku gari hili litakapokufa mlimani na mgonjwa ndani, usije kunililia."

Mama Stoo alivaa tena miwani yake.

"Mdomo huumba, kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Chukua filta yako, saini hapa."

Hakuichukua siku ile. Alikuwa ameficha filta tatu za boksi la bluu kwenye kabati lake la spana, akazitumia moja baada ya nyingine, na kwa muda wa miezi kadhaa ugomvi ule ulilala. Ya tatu ilipokwisha muda wake, hakuwa na la kufanya. Alikwenda bohari, akasaini, akatoka na boksi jeupe bila salamu.

Kubadilisha filta ya oili ni kazi ambayo Orijino angeweza kuifanya amefumba macho, na pengine ndiyo ilikuwa hatari yake. Unamwaga oili ya zamani. Unafungua filta ya zamani kwa mnyororo, inatoka. Kisha unapitisha kidole kwenye kiti chake, pale kwenye chuma cha injini inapokaa filta, kuzunguka mduara mzima, kwa sababu filta ina ringi ya mpira ya kuzuia oili isivuje, na mara mojamoja ringi ile hung'ang'ania injini na kubaki nyuma. Unafuta kwa kitambaa safi, unapaka ringi mpya oili kidogo, unafunga kwa mkono mpaka iguse, unaongeza robo tatu ya mzunguko. Basi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewaambia mafundi wake wote: macho hudanganya, kidole hakidanganyi.

Asubuhi ile alikuwa shimoni chini ya Bi Harusi, kifua kimejaa. Taratibu alikuwa juu, tayari anasubiri, maana kulikuwa na mgonjwa wa kupelekwa kupigwa picha. Orijino alifungua filta ya bluu akaitupa kwenye ndoo. Akapasua boksi jeupe, akaitazama filta ile ya bei nafuu kama anayemtazama mkwe asiyemtaka. Akaipachika, akaizungusha, ikashika. Kisha akapanda juu, akachukua kadi ya kazi, na kwa mwandiko mkubwa kuliko kawaida yake akaandika: *Filta si orijino. Imefungwa kwa maagizo ya stoo.* Akaipigia mstari chini mara mbili. Mstari ule ulimchukua muda zaidi kuliko filta yenyewe.

Injini ikawashwa. Akainama akaangalia kwa tochi. Hakuna tone.

"Nenda," alimwambia dereva. "Mimi mikono yangu nimenawa."

Siku nne zilipita. Siku ya tano, saa nne asubuhi, simu ya gereji ililia. Alikuwa Taratibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia ingawa alikuwa amesimama.

"Mzee, Bi Harusi amelala. Niko katikati ya mlima. Injini imenoki, haizunguki kabisa. Oili yote iko barabarani."

"Nani yumo?"

"Yule mzee fundi viatu, wa moyo. Na binti yake. Mzee, hali si nzuri."

Orijino aliacha simu ikining'inia, akakimbia kwa daktari mkuu. Wakapiga simu huku na huku kutafuta gari. Lililopatikana mwisho lilikuwa la mizigo, la mtu aliyekuwa akipeleka saruji, ambaye alimwona binti wa mgonjwa anapunga mtandio barabarani akasimama mwenyewe, bila kupigiwa simu na mtu. Kati ya gari kuzimika na mgonjwa kuondoka pale palipita karibu saa mbili. Mzee fundi viatu alifika hospitali ya rufaa akiwa hai. Alifariki nusu saa baadaye.

Habari ilipofika, mtu wa kwanza kumjia Orijino alikuwa muuguzi mmoja aliyekuwepo siku ile ya sabuni. Alisimama mlangoni mwa gereji, machozi yanamtoka. "Ulisema, mzee," alisema. "Ulisema, hawakukusikia."

Kufikia jioni hospitali nzima ilikuwa ikisema hivyo. Kadi ya kazi ilipita mkono hadi mkono, na mistari yake miwili chini ya maneno. Watu waliokuwa hawamsalimii Orijino walimshika mkono. Mpishi wa jikoni alimwita nabii. Naye, tusimfiche, katikati ya huzuni ile alisikia kitu kingine ndani yake, kitu kidogo chenye joto, na akakionea aibu, lakini hakukifukuza. Mama Stoo aliambiwa akabidhi funguo, akae nyumbani mpaka kikao. Alipita uani amebeba mkoba wake na kikombe chake cha chai.

Daktari mkuu alimwita Orijino ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Gari litavutwa kesho. Fungua, chunguza, niandikie. Ijumaa tunakaa na familia ya marehemu. Wanataka kujua kilichotokea, na ni haki yao."

"Utaipata, daktari."

Bi Harusi alifika amevutwa kwa mnyororo, tumbo lote limepakwa oili na vumbi. Orijino aliwaambia mafundi wengine wamwachie kazi ile peke yake. Aliteremka shimoni na tochi. Alitarajia kuona kopo la filta limepasuka, au mshono wake umeachia. Kopo lilikuwa zima. Alilizungusha kidogo, akaona pembeni kitu cheusi kimechungulia kama ulimi. Akasimama. Kisha akaifungua filta polepole sana, kwa vidole tu.

Ringi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kwenye mtaro wake, juu ya filta nyeupe, pale inapotakiwa kuwa. Nyingine ilikuwa juu yake, imetepeta, nusu iko ndani na nusu imetemwa nje. Ndiyo ile iliyobaki kwenye injini alipoitoa filta ya zamani. Ringi mbili zikipandana zinaweza kushika siku mbili tatu, hata wiki, kisha gari likapanda mlima, presha ya oili ikaongezeka, moja ikateleza, na oili yote ikamwagika kama maji ya ndoo iliyotoboka. Alijua hayo. Alikuwa ameyafundisha.

Ringi ya juu aliivuta ikatoka. Ilikuwa na alama ndogo ya mtengenezaji, ile ambayo daima aliitafuta kwanza kwenye mwanga. Ilikuwa orijino.

Alikaa chini, palepale shimoni, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Baadaye alichukua msumeno akaipasua filta nyeupe, labda kwa kutumaini kwamba ndani atakuta uozo wa kumsaidia. Karatasi ilikuwa imekunjwa vizuri, gundi imeshika, kivali cha kupitishia oili kinacheza. Akaokota kwenye ndoo ya taka ile filta ya bluu aliyoitoa siku sita kabla, akaipasua nayo. Ya bluu ilikuwa na mikunjo mingi zaidi na karatasi nzito zaidi. Hakuwa amekosea kuipenda. Lakini nyeupe nayo ilikuwa filta ya kweli, na ilikuwa imefanya kazi yake mpaka oili ilipoikimbia.

Hakuna aliyemwona. Alitia ringi ile mfukoni mwa ovaroli, akapanda juu, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, kisha akanawa tena.

Siku mbili baadaye Taratibu alikuja gerejini. Alikuwa hajanyoa. Alikaa kwenye tairi kuukuu, akasokota kofia yake.

"Mzee, wewe ni mtu mzima kwangu. Kuna jambo sikumwambia mtu."

"Sema."

"Taa nyekundu iliwaka. Ile ya oili. Iliwaka tukiwa ndio tunaanza mlima. Nilitaka kusimama, wallahi, mguu ulikuwa kwenye breki. Yule binti akasema, usisimame kaka, baba anakata pumzi, usisimame. Nikaendelea. Dakika kumi na moja, mzee. Ningesimama pale pale, ningeangalia, labda ningeongeza oili, ningeita mtu mapema. Usiku nikilala naiona taa ile."

Orijino alifungua mdomo. Ringi ilikuwa mfukoni, inamgusa paja. Alichosema ni hiki: "Usijilaumu. Hukujua."

"Basi nani alaumiwe? Mama Stoo? Na yeye alitaka mema."

Orijino aliokota kitambaa akaanza kufuta spana. Taratibu aliondoka na mzigo wake uleule aliokuja nao.

Mchana ule Orijino hakula. Nyumbani mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Mapacha tangu siku watoto wao walipozaliwa wawili kwa mpigo, alikuwa akipiga pasi sare za shule karibu na dirisha. Alimtazama mumewe akivua viatu, akavirudisha miguuni, akavivua tena.

"Baba Mapacha, una nini?"

Akamwambia. Alimweleza yote, tangu boksi jeupe mpaka ndoo ya shimoni, na alipomaliza akatoa ringi ile akaiweka juu ya meza ya pasi. Mkewe hakuigusa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Mama Mapacha alisimamisha pasi. Miaka mitatu ilikuwa imebaki mumewe astaafu, na wote wawili walilijua hilo bila kulitaja. Watoto walikuwa nje wanacheka na mtu. Mwishowe akasema, "Ulikuwa unajua peke yako. Sasa umeniambia, na mimi najua. Nikikutana na Mama Stoo sokoni, nitamwangaliaje?"

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi sikwambii ufanye nini. Umeniuliza kana kwamba hujui." Akaichukua pasi, akaendelea, lakini kola aliyokuwa akiinyoosha ilikuwa imekwisha nyooshwa.

Orijino akavaa viatu akaenda kwa Mama Stoo. Aliishi chumba na sebule, kwenye nyumba ya ua wa pamoja. Alimkuta amekaa mbele ya kabati, amezitoa karatasi zake zote, anazipanga kwa tarehe. Alimkaribisha kiti, akamletea maji kwenye glasi juu ya kisahani, kwa adabu ile ile kana kwamba hawakuwahi kutupiana neno.

"Kaka, nashukuru umekuja. Wengine wanapita mbali." Akakaa. "Nataka kukuuliza jambo, na naomba usinifiche. Umeshalifungua gari?"

"Nimelifungua."

"Ni filta?"

Orijino alishika glasi kwa mikono miwili.

"Niambie tu," alisema Mama Stoo. "Mimi si mtoto. Nimejiuliza usiku na mchana. Nilipokuwa pale kwa wakala, boksi la bluu kushoto, jeupe kulia, nilisimama kama nusu saa. Muuzaji akachoka nami. Nikasema moyoni, hii ni kwa wazazi, Mungu anaona. Sasa kama nimemuua mzee wa watu kwa ajili ya kubana matumizi, nataka nijue, nikae nalo. Kinachonimaliza ni kutojua."

Alikuwa amevua miwani, na bila miwani macho yake yalionekana madogo na yamechoka. Orijino alikuwa amekuja na nia ya kumwomba muda, au labda kumpima tu. Hata yeye baadaye hakuweza kusema alikwenda kwa nini hasa. Aliweka glasi chini.

"Si filta, dada."

"Nini basi?"

"Mimi."

Akaitoa ringi. Akamweleza kwa maneno mepesi, kama anavyomweleza mtu asiyewahi kuinama chini ya gari: hii ilibaki, sikupitisha kidole, nikafunga juu yake. "Nilikuwa na hasira na wewe. Kazi niliifanya kwa hasira, na kadi nikaiandika kwa hasira. Filta yako haikuwa na kosa."

Mama Stoo aliichukua ringi, akaizungusha kwenye kiganja.

"Umelijua lini?"

"Juzi."

"Juzi," alirudia. "Jana nimepigiwa simu na mama yangu mzazi, ananiuliza kama ni kweli nimeua mtu. Ana miaka themanini na moja. Wewe ulikuwa unajua." Alimrudishia ringi. "Kaka, naomba uende. Sikufukuzi kwa ubaya. Sina nguvu ya kukuangalia sasa hivi."

Ijumaa walikaa kwenye chumba cha mikutano, chenye meza ndefu na feni iliyokuwa ikikwaruza. Daktari mkuu alikuwa kichwani mwa meza, pembeni yake wajumbe watatu wa bodi. Taratibu alikaa karibu na mlango. Mama Stoo alikaa mwisho, mkoba magotini. Upande wa pili alikuwa binti wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na mjomba wake. Binti alikuwa na daftari mbele yake, na kalamu, kama aliyekuja kuandika kila neno.

Orijino alisoma taarifa yake akiwa amesimama. Ilikuwa ukurasa mmoja. Aliyoiandika mwanzo alikuwa ameichana. Alieleza ringi ni nini, ilibaki wapi, na nani alipaswa kuiondoa. Akasema filta ya bei nafuu aliipasua na akaikuta nzima. Akasema dereva alipoiona taa, oili ilikuwa tayari inakwisha, na hata angesimama saa ileile asingekuwa na oili ya kutosha ya kurudisha gari barabarani. Hapo Taratibu aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Akasema maneno aliyoyaandika kwenye kadi yalikuwa kweli kama maneno, lakini aliyaandika ili kumchoma mtu.

Mjumbe mmoja alikohoa. "Fundi, unaelewa unachojiandikia?"

"Naelewa."

Binti wa marehemu hakuwa ameandika kitu. Alimtazama Orijino usoni. "Ulisahau?"

Lingekuwa rahisi kusema ndiyo. Kila binadamu husahau.

"Sikusahau, mwalimu. Naijua kazi ile kama jina langu. Nilikuwa nimejaa hasira, nikadharau nilichokishika mkononi. Mtu akidharau kitu hakiangalii."

Mjomba alianza kupandisha sauti, binti akamgusa mkono. "Daktari wa kule alituambia huenda baba asingepona hata tungewahi," alisema. "Huenda. Neno hilo sitalimaliza maisha yangu yote." Akafunga daftari. "Lakini nilikuja hapa nikidhani nitadanganywa. Nimesikia. Mjomba, twende."

Hakumpa mkono Orijino, wala yeye hakuutarajia.

Bodi ilimvua ufundi mkuu na kumsimamisha kazi miezi mitatu. Kuna waliosema ameonewa, kuna waliosema ilikuwa kidogo. Muuguzi aliyemlilia mlangoni mwa gereji siku ile alimpita bila kumsalimu. Mama Stoo alirudishiwa funguo zake siku ileile, na barua ya kuombwa radhi aliyoiweka kwenye faili bila kuisoma mbele ya watu. Orijino alikwenda kwa mama mzazi wa Mama Stoo, yule bibi wa miaka themanini na moja, akakaa chini kwenye mkeka na kumweleza kwa mdomo wake mwenyewe. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ana mama. Alipojibu kwamba alikwisha fariki, bibi akasema, "Basi amepumzika na mambo haya."

Miezi mitatu ilipokwisha alirudi gerejini akiwa fundi wa kawaida, chini ya mwanamke aliyekuwa msaidizi wake, fundi hodari asiyependa maneno mengi. Bi Harusi alikuwa amewekewa injini nyingine, iliyotumika lakini nzima. Fundi mkuu mpya alimwambia, "Kabla hatujaiwasha, filta ikubaliwe na pande zote mbili. Nenda mkaelewane na stoo. Sitaki barua za malalamiko."

Akaenda. Alichukua zile filta mbili alizozipasua, akaziweka mezani mbele ya Mama Stoo, zimefunguka kama matunda.

"Hii ya bluu, hesabu mikunjo," alisema. "Na hii nyeupe, hesabu. Unaona? Nyeupe inajaa uchafu mapema. Kwa yale magari mawili madogo ya ofisi yanayozunguka hapa mjini inatosha kabisa, mradi tuibadilishe kwa wakati. Kwa gari la wagonjwa linalopanda mlima kila siku, mimi ningeomba ya bluu. Lakini ukisema haiwezekani, nitafunga nyeupe, na nitaifunga vizuri."

Mama Stoo alihesabu. Alihesabu kweli, kwa ncha ya kalamu, mkunjo kwa mkunjo, mpaka mwisho.

"Ungenionyesha hivi siku ile ya kwanza, ningekuelewa."

"Ndiyo."

"Badala yake ulinifanya nichekwe na watu."

"Ndiyo, dada."

Aliandika hati: ya bluu kwa gari la wagonjwa, nyeupe kwa madogo. Akamgeuzia asaini. "Usidhani yamekwisha," alisema. "Nikikuona bado moyo unanikaza. Siku moyo ukiacha kukaza nitakwambia mwenyewe. Usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

Wiki iliyofuata Bi Harusi alifanyiwa safari ya majaribio, bila mgonjwa, na fundi mkuu alimtuma Orijino apande pamoja na Taratibu, asikilize injini mlimani. Injini ililia sawasawa, kama injini nyingine. Katikati ya mlima Taratibu alipunguza mwendo bila kuulizwa, akaegesha pembeni. Doa la oili lilikuwa bado linaonekana kwenye lami, limefifia kwa matairi ya watu.

Wakashuka. Malori yalikuwa yakipita, upepo wake unawapeperusha mashati.

"Yule dada alikaa hapa," alisema Taratibu, akionyesha ukingo wa mfereji wa saruji. "Mlango wa nyuma tulikuwa tumeufungua ili mzee apate hewa. Alikuwa amemshika baba yake mguu, kwa sababu ndio aliokuwa anaufikia."

Orijino alivua kofia. Aliinama akapitisha kidole kwenye doa lile la oili. Kisha Taratibu akasema, "Twende, mzee, giza lisitukute," wakapanda gari, wakamalizia mlima.